Santuri Isiyo na Mkwaruzo

Kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Elikana ulikuwa santuri. Tena si santuri za rumba kutoka ng'ambo ya ziwa, ambazo mtu yeyote wa Kigoma angemwelewa. La! Yeye alitaka fidla na vinanda vya Uswidi, Norwei na Denmaki, muziki wa watu wa theluji, na alitaka zile safi tu. Aliishika santuri kwa ukingo, akailaza chini ya taa, akaikagua kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Mkwaruzo mmoja tu, haitaki.

"Mume wangu ana wake wawili," Stephania, mkewe, alizoea kuwaambia majirani pale Rusimbi, "na mwenzangu anazunguka tu, hata kupika hajui."

Ugonjwa huo aliupata utotoni, misheni, kwa nesi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akifungua madirisha na kupiga santuri jioni. Alipokua akawa mwalimu wa kwaya. Mungu akawanyima mtoto miaka mingi, halafu akawapa Elida, na Elida akapewa sauti. Jamani, sauti! Akianzisha pambio kanisani, hata walevi wa kilabu cha jirani walinyamaza. Elikana alikuwa akimsikiliza mwanawe huku machozi yakimtoka, wala haoni haya.

Basi, siku moja mwanakwaya mmoja akamtumia picha kwenye simu. Bangwe kuna bibi ana santuri ya Norwei, haina hata jina. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mtu mwenye akili angengoja kesho. Elikana akapanda bodaboda.

Nyumba ilitazama ziwa. Mzee mmoja alikaa mkekani akichambua dagaa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akainua mkono.

"Hasemi," sauti ikatoka mlangoni. Ndiye bibi mwenyewe, Eufrasia. "Mume wangu huyo, Feliksi. Alikuwa mpishi wa wamisionari. Miaka mingi sasa hajatoa neno. Karibu, mwalimu."

Akaileta imefungwa kwa kanga. Elikana akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, na moyo ukamruka. Haikuwa na mkwaruzo. Haikuwa hata na vumbi. Nyeusi tii, na ilinuka kisima kilichofunikwa siku nyingi.

"Hii haijapigwa kamwe," akasema.

"Imepigwa. Mara nyingi."

"Haiwezekani, bibi. Sindano huila santuri."

"Hii hailiwi."

Akauliza bei. Bibi akatikisa kichwa, hataki kitu. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akamnong'oneza.

"Ikimwita mtu, asiitikie. Nimekwambia, eh? Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia, bibi."

"Basi dhambi si yangu."

Njiani Elikana alicheka peke yake. Wazee na mambo yao!

Alipofika nyumbani adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika. Stephania alikuwa bado sokoni. Elida alikuwa uani akiosha vyombo. Elikana hakuvua hata viatu. Akaifuta santuri, akashusha sindano.

Fidla. Moja tu, peke yake.

Ilikuwa safi kiasi kwamba alisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Alimsikia mpigaji akivuta pumzi. Hakuwahi kusikia kitu kizuri hivyo maishani, na akafumba macho kwa furaha. Harufu ya kisima ikajaa chumba. Pumzi ikasogea... ikasogea... ikawa karibu kuliko fidla yenyewe.

"Elida..."

Sauti ya mzee. Ya upole. Ndani ya spika.

Elikana akafumbua macho. Akageuka kutazama nyuma ya spika.

"Elida, mjukuu wangu..."

Sasa, kila mtoto wa mjini kwetu hufundishwa mambo mawili. Giza likiingia, usimwitikie usiyemwona. Na mkubwa akikuita, itika hapo hapo, usingoje kuitwa tena. La kwanza Elikana aliliona ushirikina, hakulisema nyumbani kwake. La pili alilifundisha kwa fimbo.

"Abee, babu!"

Fidla ikakatika.

Akatoka mbio. Elida alikuwa amesimama na sufuria mkononi, mdomo unafunguka, unajifunga. Machozi yalimtiririka, lakini hata kilio hakikutoka.

Hospitali wakamchunguza, wakasema koo ni zima. Wachungaji wakamwekea mikono. Stephania alilala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, akimbembeleza, "Niite tu, mwanangu. Niite mara moja tu." Elida alimtazama, midomo ikicheza. Elikana hakuthubutu kumwambia mkewe lile alilolisikia. Aliogopa macho yake.

Asubuhi moja akaibeba santuri, akarudi Bangwe.

"Mwakeye, mwalimu! Karibu, karibu! Ziwa limetulia leo, eh?"

Ni Feliksi. Mzee alikuwa anaongea! Aliongea na kuku, akaongea na jiko, akaongea huku akitafuna. Na sauti ile Elikana aliijua.

"Nirudishieni mwanangu," akasema.

Bibi Eufrasia akaja, akaketi chini, akaanza kulia.

"Hatunaye sisi," akasema Feliksi polepole. "Santuri ilikuwa ya mama mmoja wa Kinorwei niliyempikia. Mtoto wake alimezwa na ziwa. Kila jioni aliipiga hii, akawa anamwita, na hakuna wa kumwitikia. Jioni moja aliniita mimi, niko jikoni, nikaitika. Mwalimu... siku hiyo mama huyo alikuwa ameshazikwa."

"Anayeitika huingia," bibi akamalizia. "Aliyetangulia kuitika hutoka. Mwenye santuri hatoki."

"Naivunja!"

"Ukiivunja, unamvunja aliyemo."

Elikana akainua ngumi. Akaishusha. Angempiga bibi kwa kosa gani, la kumpenda mumewe?

Njia nzima ya kurudi alijua la kufanya. Ataitika yeye. Kwaya itapata mwalimu mwingine. Akamwambia Stephania aende kwa dada yake, Kasingirima, alale huko apumzike. Kwa nini, hakumwambia. Stephania akachukua kikapu, akaondoka akigeuka nyuma kila mara.

Jua lilipozama, akamkalisha Elida kando yake. "Kesho utaimba," akamwambia, na akaisikia sauti yake mwenyewe kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa anaiaga. Akashusha sindano.

Fidla. Harufu ya kisima. Pumzi ikisogea.

Akajiinamisha hadi spika ikagusa sikio. Niite, akaomba. Niite mimi.

"Mama..."

Ilikuwa sauti ya Elida. Na Elida alikuwa hapo, amemshika mkono, midomo ameifumba.

"Mama... mama wee..."

"Naam!" akapiga kelele Elikana. "Naam! Nipo hapa! Nichukue mimi! Naam!"

Fidla ikaendelea taratibu. Yeye hakuitwa.

"Mama, njoo..."

Akaukimbilia waya wa umeme, akauchomoa. Santuri haikusimama. Nje, geti likalia. Stephania alikuwa amefika nusu ya njia ya Kasingirima na moyo ukamkatalia. Alikuwa uani, na alisikia kile alichokiomba siku zote zile akiwa amelala sakafuni.

"Stephania, usi..."

"Abee, mwanangu! Abee! Mama nipo, abee!"

Fidla ikakatika.

Stephania akatokea mlangoni, mikono ameifungua, anacheka na kulia kwa pamoja. Midomo yake ilikuwa inaita jina la mtoto. Haikutoka sauti yoyote.

Elida akakohoa. Akavuta shati la baba yake.

"Baba," akasema, sauti yake nzima, safi kama zamani, "kule alikoingia mama kuna baridi. Na yule mzungu akikushika mkono, haachii."