Mizinga ya Minza

Kila msimu wa kurina asali, Minza aliamka mapema kuliko watu wote. Hakuwa na pa kwenda. Aliwasikia tu wanaume wakipita na kamba zao kuelekea porini, wakicheka, naye moyo ukamuuma.

Katika kijiji chao cha ujamaa, karibu na Kigwa, wanawake walichuja asali na kuyeyusha nta. Kupanda mti kuifikia mizinga ilikuwa kazi ya wanaume, kana kwamba mti una macho ya kumtambua apandaye! Lakini Minza alifundishwa kupanda na baba yake tangu mdogo. Alipovunja ungo, akakatazwa. Tangu hapo aliitamani ile miti kama mtu anavyotamani kwao.

Sasa mumewe alikuwa amefariki. Siku moja shemeji yake, Masolwa, alikuja.

"Shemeji, mizinga ya marehemu nitairina mimi. Wewe utaletewa kibuyu chako cha asali."

"Kwa nini nisirine mwenyewe?"

"We! Mwanamke akigusa mzinga, nyuki wanahama. Hujui?"

Jioni Minza alikwenda kwa Koleta, bibi maendeleo, machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

Minza akamweleza yote.

"Sikiliza," alisema Koleta. "Ushirika wetu wa asali ni wa wafanyakazi, si wa wanaume. Kazi unayoiweza ni haki yako kuifanya, na kuandikiwa siku zako za kazi, ulipwe sawa na wao. Mtu akikuzuia, lipeleke jambo kwenye kamati. Ila usiende peke yako. Haki haililiwi jikoni."

Minza alikwenda kwenye mkutano wa kamati na wanawake wenzake. Masolwa akarudia habari ya nyuki kuhama. Minza akasimama.

"Mume wangu alipoanza kuugua, mizinga yake niliitundika mimi, alfajiri, mkiwa mmelala. Mkadhani ni yeye. Asali mmerina wenyewe, na mmekula. Je, nyuki wamehama?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mwenyekiti alishindwa kujizuia. Kamati ikakubali: mwanamke anayeweza kurina atarina, na ataandikwa.

Wiki iliyofuata Minza alipanda mchana kweupe, watu wakimwona. Kule juu alilia kidogo. Alifurahi, lakini pia aliisikitikia miaka yote aliyobaki chini.

Aliposhuka, alimkuta Masolwa akimsubiri, goti limemvimba.

"Shemeji, mizinga yangu miwili iko juu mno. Kesho utanisaidia?"

"Nitakusaidia, shemeji. Na siku hiyo niandikwe mimi, si wewe."