Rangi ya Mabaki

Dobi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kitambaa amekifunga puani, akichokonoa chini ya kabati kwa mpini wa ufagio. Alikuwa anamtafuta panya aliyekufa. Chumba kilinuka kama yai viza lililopasukia ndani ya kiatu, na kila alipovuta pumzi mate yalimjaa mdomoni.

"Yuko humu humu," alisema. "Hebu sogeza kitanda, mpenzi."

Mchumba wake, fundi rangi, akasogeza kitanda.

Walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi, siku ambayo watu walijazana kaunta kama siafu. Dobi aliuliza bei za rangi na kuguna kwa kila jibu. Nyuma yake kijana mrefu, ovaroli yake ina madoa mpaka kolani, akamwambia kwa upole kwamba akiguna tena atatozwa hata mguno. Dobi akacheka. Tangu hapo alimwita Brashi, na hapakupita mchana bila kupigiana simu.

Walipopanga chumba cha kuanzia maisha, dobi ndiye aliyeweka sheria: wabane matumizi, mapazia washone wenyewe, viti vikuukuu wavipige msasa. Brashi akaitii sheria hiyo kupita kiasi. Alikusanya masalio ya rangi kwa wateja wake, akayamimina yote katika pipa moja, akakoroga. Ikatoka rangi nzuri ya chai ya maziwa. Baadhi ya makopo yalikaa mno, rangi imeoza. Aliisikia harufu, lakini akapaka kuta zote nne, akijidanganya kwamba ikikauka itaisha.

Haikuisha. Dobi alitoa nje masanduku, viti, mpaka mashuka ya arusi aliyoyafua kwa mikono yake. Alipochoka akaegemea ukuta, shavu likaugusa. Akanusa. Akanusa tena, taratibu. Kisha akakimbilia mtaroni kutapika.

Aliporudi mlangoni macho yalikuwa mekundu.

"Ulijua?"

"Tangu jana."

"Ukaniacha natambaa kama mjusi."

Brashi akanong'ona kwamba ni dobi mwenyewe aliyetaka wabane.

"Nilisema tubane matumizi, sikusema tubane pua. Nyumba za watu unazipaka rangi ya dukani, yangu unaipaka makombo yao yaliyooza. Ndivyo unavyoniona?"

Akakusanya mashuka yake, akaenda kwa dada yake.

Siku hiyo simu zote zilipokelewa na dada mtu. Alisema shemeji asubiri, maana mwenzake yuko bafuni anajisugua mpaka sabuni imechoka, na arusi hataki hata kuisikia. Kesho yake jioni dobi akapokea mwenyewe. Akasikia kwaru, kwaru.

"Unafanya nini?"

"Nakwangua. Yote. Nitapaka chokaa, bei yake ndogo na haiozi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kwaru ikakoma.

"Niliona aibu. Fundi mzima, chumba changu cha kwanza, nimekitia uvundo. Nikaona afadhali umchukie panya kuliko mimi."

Dobi akacheka bila kutaka, kisha akakata simu.

Alifika kabla jua halijazama, gauni la buluu limenyooka kwa pasi, kitambaa puani. Brashi alikuwa ameulowesha ukuta, na rangi ilibanduka vipande vipande kama ngozi ya kidonda. Sakafuni kulikuwa na tope la kijivu lenye utelezi. Magamba yalimganda kwenye nyusi. Akamwendea mikono wazi.

"Usinisogelee," dobi alisema. "Nakupenda, lakini unanuka."

Brashi akasimama alipo. Ukuta mmoja ulikuwa umekwisha, mitatu bado. Alimweleza kwamba kila kopo alilichagua akimfikiria yeye, na kwamba hakuwaza makombo, aliwaza akiba. Dobi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akimeza mate.

"Na arusi?" Brashi akauliza.

Dobi alimtuma akaoge. Brashi aliporudi ndani ya nguo safi, alimkuta dobi ameinua ovaroli kwa vidole viwili, uso ameukunja, ameigeuzia mbali kama aliyeshika chura.

"Hiyo nitaichoma," Brashi akasema.

"Usiichome. Ianike nje, mbali na dirisha. Kesho utaivaa tena." Akaufikia mlango, akageuka. "Na mimi unitafutie shati kuukuu, na kisu cha pili cha kukwangulia."