Kompyuta ya Michango

Siku ya soko, Karatina huamka mapema. Mikokoteni ya kabeji na karoti hupita mbele ya chumba cha binti yangu Wachuka, na wasukumaji hupiga kelele, "Pisha! Pisha!" Wachuka hufungua dirisha, hufagia, kisha huketi kwenye taipureta yake. Mimi huketi mlangoni nikichambua maharagwe, na kuwapokea wanaokuja kuandikiwa barua.

Mwaka wa 1996 Wachuka aliachishwa kazi ofisini Nyeri, pamoja na wengine wengi. Chumba kile kikawa ndicho shamba lake. Lakini taipureta ilikuwa imezeeka. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya stensili, ile karatasi ya nta ambayo shule hutumia kutoa nakala nyingi za mtihani. Ukikosea, unapaka dawa, unangoja ikauke. Ukikosea tena, unaanza upya.

Siku moja alikuja Mwalimu Kihara, mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Hakukaa.

"Wachuka, kazi yako ni safi, lakini inaenda kama kobe," alisema. "Mitihani ya shule yote nataka kupea mtu mmoja. Jumamosi nitakuja hapa. Nikipata kompyuta inaandika, kazi ni yako. Nikikosa, naenda Nyeri siku hiyo hiyo. Watoto hawawezi kungoja."

Wachuka alinitazama. Sote tulijua. Bila kazi ile, chumba kingefungwa.

Kompyuta mpya dukani hakuiweza. Lakini mtu anaweza kuunda kompyuta yake, kipande kwa kipande. Ofisi moja ilikuwa imeuza vitu vyake vya zamani, na huko Wachuka alikuwa amepata kisanduku, skrini, kiibodi, diski na printa. Ndani ya kisanduku mlikuwa na madabodi, ule ubao mkubwa ambao vipande vyote huchomekwa juu yake. Vilikosekana viwili tu. Prosesa, ambayo hufanya hesabu zote za kompyuta. Na memori, ambayo hushika kazi wakati kompyuta inaifanya.

Huku kwetu mtu akikosa, hakosi peke yake. Akijenga, watu huleta mabati. Akioa, huleta sukari na mbuzi. Basi mzee wa kanisa alisimama akatangaza: "Msichana wetu anaunda kompyuta. Aliye na prosesa au memori, alete." Hakuna aliyeuliza ni za aina gani.

Na watu walileta. Watiri, jamaa yetu anayefanya kazi katika ofisi ya shamba la maua kule Timau, alileta vijiti vya memori vilivyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Mzee Theuri, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alifunga kinu chake cha kusaga unga wa posho akaenda Nairobi mwenyewe. Alirudi na prosesa mpya aina ya Pentium, ndani ya boksi lake. Vitu viliwekwa mezani, vikaombewa, watu wakapiga makofi.

Jambo moja lazima mlijue. Kwetu, kitu kilichotolewa mbele ya watu hakirudishwi. Aliyetoa mlango wa nyumba atakuja kupita kwenye mlango huo. Ukimwambia mlango wake haukutoshea, umemtukana.

Ijumaa asubuhi Mzee Theuri alifika na koti lake la sufi, limejaa unga. Wachuka alikuwa amefungua kisanduku. Uso wake haukuwa mzuri.

"Mbona unaangalia injini yangu kama nyoka?" Theuri aliuliza. "Weka!"

"Baba, haiingii," Wachuka alisema polepole.

"Ati haiingii? Mimi nimefunga mota ya kinu kwa hii mikono. Lete!"

Aliichukua ile prosesa. Chini yake ina miguu midogo mingi kama sindano. Aliiweka juu ya tundu lake kwenye madabodi, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Baba, tafadhali!"

"Inataka nguvu kidogo tu."

Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga ganda la yai.

"Mzee, toa mkono! Usisukume tena!"

Aliyesema hivyo alikuwa Gacheri. Ni jirani yetu, mtu wa Meru, na hufundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Nyeri. Alikuwa amekuja kuomba moto wa jiko. Aliacha karai mlangoni, akaingia. Mzee Theuri aliinua mkono, na macho yake yakawa makali.

"Wewe ni nani wa kuniambia toa mkono?"

"Ni mtoto wako, Mzee. Nisamehe. Nimeogopea mali yako."

Gacheri aligusa kwanza chuma cha kisanduku, ndipo akaichukua prosesa. Aliigeuza. Mguu mmoja ulikuwa umelala.

"Ukikatika, hii ni jiwe tu," alisema. "Mama, una wembe?"

Nilimpa wembe. Aliupitisha kati ya miguu ile, akauinua ule uliolala, kidogo, akaacha, kidogo tena. Sote tulisogea karibu. Hata Mzee Theuri aliinama, mikono magotini. Mwishowe mguu ulisimama.

"Asante Mungu," Wachuka alisema.

"Sasa iweke ndani," Theuri alisema.

Gacheri alikaa kwenye kiti.

"Mzee, kwa kinu chako, ukifunga mota ya lori kwa kale kakinu kadogo ka kusaga wimbi, nini itafanyika?"

"Itakata mkanda. Itapasua kinu. Mtoto gani hajui hiyo?"

"Mota ni mbaya?"

"Mota ni nzuri! Kinu ndiyo..." Aliangalia tundu la madabodi.

"Hii Pentium yako ni nzuri kuliko zote nimeona Karatina," Gacheri alisema. "Lakini huu ubao ulitengenezewa prosesa aina ya 486. Tundu ni lingine, na umeme wake ni mwingine. Na hivi vijiti vya Watiri ni vifupi, ubao unataka virefu. Kila madabodi ina kitabu chake, au namba imeandikwa pembeni. Mtu husoma hiyo kwanza, ndipo anaenda kutafuta vipande."

Wachuka alifunika uso kwa mikono. "Basi imekwisha. Kesho Mwalimu anakuja."

"Haijakwisha. Kuna fundi Nyeri anayetafuta Pentium. Atatupa prosesa ya 486 na memori ndefu, na bado atashukuru. Lakini ni lazima tubadilishane leo."

Kubadilisha zawadi ya mzee! Iliyoombewa! Wachuka alinitazama, mimi nikatazama maharagwe yangu. Mzee Theuri alisimama.

"Watu watakuja hapa waulize, ya Theuri iko wapi? Utawaambia nini? Ati iliuzwa?"

Alirudisha prosesa ndani ya boksi lake, akaenda mpaka mlangoni. Nilijua akitoka na lile boksi, kazi imeenda naye. Nikasema, "Baba Kabura."

Aligeuka. Simwiti mara nyingi kwa jina la mtoto wake.

"Siku ya mazishi ya ndugu yako ulileta fahali. Fahali hakuingia kwenye sufuria zetu. Ulifanya nini?"

Aliangalia boksi mkononi. "Nilimpeleka sokoni. Nikaleta kondoo."

"Kuna mtu alisema Theuri hakutoa?"

Nje mikokoteni ilipita. Theuri alipangusa unga kwenye mkono wa koti lake.

"Huyo fundi wa Nyeri," alimwambia Gacheri. "Nitaenda na wewe. Nataka kumwona kwa macho. Akitaka kutudanganya, atanijua."

Walirudi alasiri. Mzee Theuri ndiye aliyebeba mfuko, ameushika kama mtoto mchanga.

"Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya kwa ukuta," Gacheri alisema. "Halafu vueni sweta. Na wewe Mzee, koti."

"Na hii baridi?"

"Sufi inaweka umeme mdogo mwilini. Wewe huusikii, lakini unaweza kuua memori. Ukishavua, gusa chuma cha kisanduku, umeme ule utoke."

Basi tulikaa pale tunatetemeka, Mzee Theuri na shati lake la Jumapili. Gacheri hakufanya kazi yeye. Alimwacha Wachuka afanye. Prosesa ya 486 ilikuwa na alama kwenye kona moja, na tundu lilikuwa na alama yake. Kona kwa kona. Iliingia bila nguvu hata kidogo, na juu yake akafunga feni ndogo ya kuipoza. Vijiti vya memori viliingia vimelala upande, vikasimama, tak!

"Unaona?" Gacheri alisema. "Kitu cha mahali pake hakisukumwi."

Wachuka alichomeka nyaya za umeme kwenye madabodi. Akarudisha waya ukutani. Akanyoosha kidole kwenye swichi.

"Simama!" Gacheri alimshika mkono. "Angalia hizo plagi mbili tena."

Wachuka alitazama. Plagi mbili za umeme zilikuwa zimekaa kando kwa kando. Kila moja ina nyaya za rangi nyingi, na nyaya nyeusi. Nyeusi zilikuwa nje, huku na huku.

"Nyeusi hukaa na nyeusi, katikati," Gacheri alisema. "Ukiwasha hivi, madabodi inaungua."

Wachuka aliondoa kidole kwenye swichi. Alichomoa tena waya wa ukutani. Akabadilisha zile plagi. Nyeusi kwa nyeusi, katikati. Akaangalia mara nyingine, na Mzee Theuri akaangalia pia, akasema, "Ndiyo. Ziko pamoja."

Wachuka akawasha. Feni ilizunguka. Skrini ilikaa nyeusi. Tukangoja. Kisha, pii! Namba nyeupe zikaanza kupanda juu ya kioo.

"Inahesabu memori yake," Gacheri alisema. "Iko hai."

Mzee Theuri alicheka kwa sauti. "Sasa weka Windows! Ile mpya ya picha. Tusichekwe na kioo nyeusi."

"Mzee, kazi ya hii mashine ni gani?"

"Ni mitihani. Si unajua?"

"Basi tuanze na kazi," Gacheri alisema. "Kila kompyuta inataka mfumo, ndio programu ya kwanza kuamka. Mfumo ndio unapokea amri zako, na kuzipeleka kwa diski na printa. Programu zingine hukaa juu yake. Windows mpya ni nzuri, lakini inataka memori nyingi kuliko hii. Hapa itatambaa, na Mwalimu atarudi na hasira yake. Lakini DOS, mfumo wa zamani usio na picha, ni nyepesi. Ile programu ya kuandika iliyotumiwa Nyeri kwa mitihani yake ya mwaka jana ni ya DOS. Disketi zake zitasomeka hapa. Siku Wachuka ataongeza memori, ataweka Windows."

"Kwa hivyo, kwanza kazi," Wachuka alisema. "Halafu programu ya hiyo kazi. Halafu mfumo unaobeba hiyo programu. Vipande vinakuja mwisho."

"Na vipande vinavyokubaliana na madabodi," Theuri alimalizia. Alimtazama Gacheri pembeni. "Hiyo ya mwisho nimeilipia karo."

Jioni ile Gacheri alileta DOS na ile programu kwenye disketi, Wachuka akaziweka. Jumamosi Mwalimu Kihara alifika asubuhi, kofia kichwani. Wachuka alikuwa amekwisha andika karatasi ya Sayansi ya darasa la nane, ambayo Mwalimu alikuwa amemwachia. Alitoa utepe wa wino kwenye printa, akaweka stensili. Sindano za printa zikaanza kutoboa ile nta, mstari kwa mstari. Mwalimu alichukua stensili, akaiinua dirishani kwenye mwanga. Alisoma yote. Wachuka alikunja mikono chini ya meza.

"Swali la tisa," Mwalimu alisema. "Nimeandika mimi mwenyewe, na nimekosea. Majibu mawili yote ni sawa." Alivua kofia, akajikuna kichwa. "Sasa hii itachukua asubuhi nzima tena."

Wachuka alirudi kwenye kiibodi. Aliita karatasi ile kwenye skrini, akashuka mpaka swali la tisa.

"Jibu liwe gani, Mwalimu?"

Alimwambia. Wachuka akaandika. Akahifadhi kazi kwenye diski, maana umeme wa Karatina haungoji mtu. Akaweka stensili nyingine. Sindano zikaanza kulia.

Mwalimu Kihara alisimama na kofia mkononi, akitazama mstari wa kwanza ukitoka, na wa pili. Kisha aliketi. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi za darasa la saba, akaziweka mezani. Akatoa za darasa la sita. Akatoa za darasa la tano.