Ndoo ya Mkupuo Mmoja

Kila asubuhi, kabla watu wa mjini hawajaja kuteleza, Ustinya alipanda mlima wa magogo wa kutelezea ambao baba yake, Yermolai, aliujenga juu ya Mto Neva ulioganda. Kazi yake ilikuwa kuumwagia mteremko maji: tabaka moja jembamba, angoje ligande na kuwa gumu kama jiwe, ndipo amwage jingine. Mara tano. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na vidole vilimfa ganzi.

Alhamisi ya wiki ya chapati za maji, wiki ile ya kula na kucheza kabla ya Kwaresima, harufu ya siagi ilimfuata hadi kule juu. Wenzake walikuwa wanamwita. Ustinya akamwaga ndoo nzima kwa mkupuo mmoja, akashuka mbio kwenda kula.

"Umemwaga mara tano?" baba yake akamuuliza.

"Tano, baba," alijibu, mdomo umejaa chapati.

Kwa juu mteremko ulionekana umeganda vizuri. Chini ya gamba lile la barafu, maji yalikuwa bado maji. Savely, aliyekuwa akiongoza vibao vya kutelezea, aliteremka na mama mmoja mbele yake. Gamba likapasuka, kibao kikapinduka. Yule mama alipoteza kofia tu, lakini Savely alivunjika mkono.

"Leo umeanza na glasi ngapi, Savely?" mtu mmoja akamtania, na watu wakacheka.

Savely hakuwa mtu wa pombe, lakini nani angemsikiliza wiki ile? Yermolai alimwambia asirudi tena mlimani. Ustinya aliyasikia yote. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, ila mdomo hakuufungua.

Kwa siku tatu hakugusa chapati hata moja. Jumapili, siku ya kuombana msamaha, Savely akaja nyumbani kwao, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Aliinama mbele ya Yermolai, kisha akamgeukia Ustinya, akainama vilevile.

"Nisamehe, binti yangu, kama nimekukosea."

Jibu lake kila mtoto alilijua: Mungu husamehe, nami nimekusamehe. Lakini Ustinya alitikisa kichwa. Mtu ambaye yeye alimharibia jina ndiye huyo anamwinamia. Ustinya alijiona hana maana hata kidogo, machozi yakamtoka.

"Mjomba Savely, ni mimi. Sikumwaga mara tano. Nilimwaga ndoo nzima mara moja, nikamdanganya baba, halafu nikanyamaza."

Yermolai uso ulimwiva. "Na mimi nikakufukuza," alimwambia Savely, akainama hadi vidole vikagusa sakafu. "Nisamehe. Kazi yako ipo palepale."

"Mungu husamehe, nami nimekusamehe." Kisha Savely akamtazama Ustinya. "Wewe pia, mwanangu. Mfupa utaunga wenyewe. Kilichoniuma zaidi ni kule kunyamaza kwako, maana wote walionicheka bado wanaamini nilikuwa nimelewa. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaubeba mzigo wako. Hapa ndani nimekusamehe, lakini jina langu umeliacha kule mlimani. Nani atakwenda kunirudishia?"

Ustinya akavaa kofia yake, akatoka. Mlima ulikuwa umejaa watu. Alipanda hadi juu kabisa.

"Savely hakuwa amelewa," alisema. "Mteremko niliuharibu mimi, kwa uvivu wangu."

Ilibidi arudie, kwa sauti kubwa zaidi, maana wale wa chini walikuwa hawajasikia.