Mkasi Uliokataa Kuwa Butu

Trei ya chumba cha upasuaji ilikuwa na vyombo kumi na kimoja. Vilitakiwa kuwa kumi na viwili.

"Kilichopotea ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Mkasi wa upasuaji," nesi mkuu alijibu. "Ule wa rangi ya dhahabu. Umepakwa utando wa titani usishike kutu wala kuwa butu. Ni wa majaribio. Ukifaa, tunaagiza mikasi yote ya aina hiyo. Jibu linatakiwa leo jioni."

"Mwizi alidhani ni dhahabu?"

"Hapa hata mfagiaji anajua si dhahabu."

Inspekta alishusha pumzi. Alipenda wezi wajinga. Werevu humcheleweshea chakula cha mchana. Isitoshe, kiatu kipya kilikuwa kimemchubua kisigino. Akaomba plasta.

Mkasi wa kwanza uliitafuna plasta badala ya kuikata. Wa pili nao ukaitafuna.

"Mikasi yenu ina ugonjwa gani?"

"Fundi mnoaji hajanoa tangu Jumatatu. Miaka ishirini na saba, hakuwahi kukosa hata siku moja."

"Na ule wa dhahabu ulipotea lini?"

"Jumatatu."

Inspekta akasahau kisigino.

Karakana ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia. Sakafu ilijaa vipande vya waya na bati. Katikati alikaa fundi, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, mkasi wa dhahabu mkononi.

"Weka chini! Uko chini ya ulinzi." Pingu zikalia. "Kwa nini uliuiba?"

"Sikuiba, afande. Niliuazima niuharibu. Mikasi yote ikiwa hivi, mimi nitanoa nini? Kwa umri huu nikajifunze kazi gani?"

"Na mkasi umekuwa butu?"

Mzee akaangua kilio. "Jumatatu nimekata waya. Jana bati. Leo spoku za baiskeli yangu mwenyewe! Hauna hata mkwaruzo. Aliyeupaka ni fundi kweli kweli, alaaniwe!"

Nesi mkuu alikuwa mlangoni. "Mzee wangu, kuna mikasi arobaini butu, na mgonjwa anaingia upasuaji saa nane. Afande, mfungue."

Inspekta naye alishamwonea huruma. Akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akasukuma, akatokwa jasho.

"Kutu hiyo," fundi alisema, akifuta machozi kwa bega. "Mafuta yapo kwenye rafu ya juu."

Tone moja, pingu zikaachia. Fundi akazigeuzageuza mwangani.

"Hizi hazijapakwa utando," alisema, uso ukianza kung'aa. "Zote kituoni ziko hivi?"

"Zote."

"Niletee kesho."