Tumbo Laini

Marehemu alikuwa kwenye kitanda cha tatu, karibu na dirisha, mikono juu ya tumbo kama mtu aliyeshiba akajipumzisha. Ilikuwa alasiri ya manyunyu. Pazia jeupe lilipanda na kushuka taratibu, na Inspekta akaona kama wodi nzima inapumua usingizini.

Marehemu alikuwa fundi viatu. Mkewe alieleza, bila kupaza sauti, kwamba muuguzi alimchoma mumewe sindano saa nne asubuhi, na saa nane akakata roho. Muuguzi huyo, mama wa watoto wawili, alikuwa tayari mahabusu. Kila alipoulizwa alirudia jambo moja tu: sindano ilikuwa ya kutuliza maumivu.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalitoka kesho yake. Sumu haikuwepo, na kipimo cha dawa kilikuwa sahihi. Ila utumbo ulikuwa umetoboka na usaha kuenea tumboni.

"Tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Siku moja kabla, labda zaidi," alisema mpasuaji wa maiti. "Tumbo la namna hiyo hukakamaa kama ubao. Hata wewe ungelijua kwa kuligusa."

Faili la wodini lilisema vingine. Saa tano asubuhi, kwa mwandiko wa kupendeza: tumbo laini. Chini yake, sahihi ya Daktari Mikono.

Inspekta alilisoma mara tatu. Nani mjini hakumjua Daktari Mikono? Yule aliyesugua viganja vipate joto kwanza, ndipo aguse tumbo la mtu. Inspekta mwenyewe alipona mikononi mwake akiwa na miaka saba. Moyo ulimwambia arudi nyumbani. Akapanda ngazi hadi chumba cha daktari huyo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

"Tumbo."

Inspekta alilala kitandani, akafunua shati. Mzee alitazama kwanza, akasikiliza kwa kipimo chake, akagonga kwa vidole, kwa mpangilio aliowafundisha madaktari wengi. Kisha akasugua viganja. Joto lilikuwa lile lile. Kwa kitambo Inspekta akawa mtoto tena, mvua ya zamani ikinyesha juu ya bati, na mama yake akimngoja mlangoni. Nusura asinzie.

Lakini aligundua kwamba mzee halitazami tumbo. Anamtazama usoni, hapepesi macho, huku akibonyeza.

Chini ya mbavu za kulia, Inspekta alikuwa na kipande cha risasi kilichoachwa humo miaka tisa iliyopita. Hakionekani kwa macho, ila ukigusa hukikosi. Kigumu kama punje ya hindi. Vidole vya mzee vilipita juu yake, vikarudi, vikapita tena.

"Laini," mzee akasema. "Huna kitu."

Inspekta aliumia moyoni, kweli aliumia. Akaushika ule mkono na kuurudisha pale pale.

"Babu, hapa pana risasi."

Pazia la chumba kile nalo likapanda, likashuka.

"Vidole vimekufa," mzee alisema mwishowe. "Kisukari. Mwaka wa pili huu. Nasoma nyuso, mwanangu. Nikibonyeza panapouma, uso huniambia."

"Na fundi viatu?"

"Alitabasamu. Akanisifu mikono yangu ina joto."

"Alikuwa amechomwa sindano saa moja kabla."

"Nilijua alipokwisha kufa."

"Na muuguzi walipomchukua?"

"Nilifunga mlango." Aliitazama mikono yake. "Watu wamesahau hata jina nililopewa na baba. Bila mikono hii, mimi ni nani?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakusema kitakuwa kifo cha nani.

Mzee alitia sahihi maelezo yake kwa mwandiko ule ule wa kupendeza. Inspekta akapiga simu kituoni muuguzi aachiwe arudi kwa wanawe. Kisha akatoa pingu. Zilikuwa baridi. Akazisugua kwanza viganjani mwake mpaka zikapata joto, ingawa mikono iliyozingoja haikuwa ikisikia tena.