Suruali Iliyoitikia Shikamoo

Dada yangu alikuwa na kazi ya kuzeesha suruali. Msicheke. Wapo watu wanaolipwa kuficha mvi za wenzao, na yeye alilipwa kuchukua jinzi mpya, ngumu kama turubai, na kuifanya ionekane imelimiwa, imepigiwa magoti na kurithiwa na wadogo zake. Ndivyo dunia inavyoitaka. Waziri huivaa Jumamosi, na anayemwoshea gari amevaa hiyo hiyo. Maskini akitoboka goti hutafuta kiraka. Mwenye nafasi zake huingia dukani kuulizia yenye tundu. Anataka alama za jasho ambalo hakulitoa, na jasho la kumtolea halikosekani.

Karakana yetu ilikuwa na vyumba viwili. Mimi nilikuwa cha nyuma, kwenye mashine, yaani pipa kubwa la chuma linalozungusha suruali pamoja na mawe mepesi hadi rangi ilegee. Dada alikuwa cha mbele, kwenye miguu. Tuliiita hivyo tu, miguu: mipira miwili iliyojazwa upepo na kusimamishwa mezani. Unaivisha suruali, kisha unasugua kwa msasa mapajani na magotini, polepole, mpaka weupe utokee mahali pake. Wengine walisugua kama wanaosugua sufuria. Dada alisugua kama anayempaka mtoto mafuta, na kazi yake uliijua hata ikiwa chini ya rundo.

Mteja wa ng'ambo akitaka mtindo fulani, alituma suruali kuukuu ya kuigiza. Sampuli hiyo tuliiita Mzee, na tulikuwa na mchezo wetu: atakayeiiga aiamkie kwanza. Upuuzi wa kazini, wa kusukuma siku. Asubuhi Mzee wa mkasa huu alipofika, dada alimtoa kwenye mfuko, akamning'iniza dirishani, akapiga goti kwa madaha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya mtu mwenye vumbi kooni. Tukacheka wote, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Halafu kicheko kikaisha, na hakuna aliyejitokeza kuidai ile sauti.

Msimamizi wetu, mwanamke, akaingia, akatufokea turudi kazini. Tulimwita Pasi, kwa sababu nguo zake hazikuwa na kunyanzi hata moja na ulimi wake ulichoma. Akamwambia dada kwamba mteja anataka kila alama ya Mzee, hakuna kuruka hata moja, na mzigo mzima usuguliwe na mkono mmoja ili usitofautiane.

Mzee alikuwa ametoboka goti la kushoto. Nyuma ya magoti alikuwa na mikunjo mirefu iliyochakaa hadi nyuzi nyeupe. Hayo dada aliyaiga kabla ya chai. Kilichomshinda ni mkwaruzo uliokuwa nyuma, juu kabisa, kwenye mkanda. Aligeuza, akageuza tena.

"Mtu anakwaruzikaje hapa?" akaniuliza. "Ukikaa, hapa hapagusi kitu. Ukilala, ndiyo kabisa."

Mafundi wa miguu wana njia yao alama ikiwashinda. Wanaivaa sampuli wenyewe, wanachuchumaa, wanaketi, wanapanda ngazi, wanatazama kitambaa kinajikunja wapi. Dada akajifungia stoo, akatoka amevaa Mzee. Ilimtosha kama iliyokatwa kwa ajili yake, ingawa ilikuwa ya mwanamume mrefu. Akachuchumaa. Akasogea hivyo hivyo, amechuchumaa, akaingia chini ya meza. Akainama mpaka kidevu kikagusa magoti, na kiuno chake kwa nyuma kikawa kinakwaruza ubao wa meza.

"Nimeona," akasema kutoka huko chini. "Hakuweza kusimama. Alikuwa shimoni, juu yake palikuwa na mwamba."

"Toka huko, dada."

"Ngoja kwanza. Hakufa upesi."

Nilimvuta mkono akatoka. Aliivua Mzee, akavaa gauni lake, akanawa, akanywa chai, akacheka. Na jinzi alizosugua kuanzia saa hiyo zilikuwa Mzee mtupu. Pasi alipita akizipapasa, akatabasamu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Tuliishi nyumba moja: mimi, dada na binti yake wa pekee. Yule binti ndiye aliyeanza kuona. "Mama mdogo," aliniambia, "mbona mama hasimami?" Kweli hakuwa akisimama. Alipika amechuchumaa, akafagia amechuchumaa, akapita mlangoni ameinama, na mlango wetu ni mrefu. Alichechemea mguu wa kushoto. Nikampandisha gauni kwa nguvu nione goti. Ngozi ilikuwa imekwisha. Haikuwa na damu wala usaha, ilikuwa tu imelika, na pembeni yake imechambuka nyuzi nyuzi.

"Acha kazi hiyo," nikamwambia. "Kesho usiende."

"Mkono haunisikii tena, mdogo wangu. Nikiuweka chini, unasugua wenyewe." Na kweli, mkono wake ulikuwa ukisugua mkeka.

Kesho yake alinitangulia kazini, nami nikaenda dirishani kumtazama Mzee. Tundu la goti lilikuwa limejifumba. Mikunjo ilikuwa inafutika, na rangi ilikuwa imerudi, buluu iliyokolea, kama kitambaa ambacho hakijawahi kuona maji. Kila dada alivyochakaa, Mzee alipata ujana.

Nikamkimbilia Pasi, nikamweleza yote. Nilitegemea anicheke. Hakunicheka.

"Aliyekaa kwenye miguu kabla ya dada yako, unamkumbuka?" akaniuliza.

"Mlituambia aliacha kazi."

"Basi na huyu mtaambiwa hivyo hivyo. Nenda kwenye mashine yako."

Niliapa kumtoa dada siku ile ile, hata kwa kumbeba mgongoni. Nilimshika kwapani, nikamnyanyua. Hakunyanyuka. Alikuwa mwembamba wa kupeperushwa, lakini nilikuwa kama nanyanyua nyumba, maana kuna kitu juu yake kilikuwa kinamkandamiza ambacho mimi sikukiona. Wenzangu wakageuza nyuso. Nawachukia mpaka leo.

Mchana Pasi akaja chumba cha nyuma na Mzee mkononi. Mzigo ulikuwa umekamilika, umefungwa. Mteja alikuwa anataka sampuli yake irudishwe kama alivyoituma.

"Sasa tazama," akasema, akiikunjua mbele yangu. "Huyu ni Mzee? Huyu ni kijana wa shule." Akafungua mlango wa pipa, akaitupa ndani. Akamimina mawe. Sio mawe ya suruali moja. Mawe yote.

Nikapiga magoti. Nasema ukweli, nilimshika miguu mwanamke yule.

"Nakuomba usiizungushe. Utakuwa unamzungusha yeye."

"Najua," akasema.

Akawasha.

Mashine ile ikishaanza, mlango wake haufunguki. Swichi yake ni ya ufunguo, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Pasi. Nilimrukia. Alinisukuma, nikaangukia kwenye rundo la mawe ya akiba. Mawe ya ndani yakapanda. Yakaanguka. Kutoka chumba cha mbele nikasikia dada akiguta.

Nikakimbia.

Alikuwa chini ya meza. Amejikunja. Magoti kifuani. Mawe yakipanda, alinyamaza. Yakianguka, alirushwa. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyethubutu. Niliingia chini ya meza, nikamkumbatia. Alikuwa wa moto, na maji yalikuwa yanamtoka mwilini, maji yenye povu.

"Nivue," akaninong'oneza.

"Nikuvue nini, dada?"

"Nivue. Inabana. Nivue."

Alikuwa amevaa gauni lake la kila siku. Nilipapasa mapaja yake, kiuno chake, nikitafuta kitu cha kuvua. Palikuwa na ngozi tu. Mawe yakaanguka. Akanitazama kwa hasira, kana kwamba ninaiona ile nguo na ninamnyima. Mawe yakaanguka tena.

Mashine ikasimama. Na moyo wake ukasimama.

Daktari alisema ni moyo. Nilimwosha mimi mwenyewe. Kuanzia kiunoni kwenda chini ngozi ilikuwa nyeupe, laini, imepauka, inanukia sabuni kabla sijaitia sabuni.

Pasi, siku ile ile, alitoa suruali kwenye pipa. Niliiona kwa macho yangu nilipofuata viatu vya dada. Mzee alikuwa amerudi kama alivyokuja, goti limetoboka, mikunjo ipo, mkwaruzo wa mkanda upo. Ila palikuwa na alama ngeni kwenye paja la kushoto. Kiganja cheupe, vidole vitano vimetanuka. Mawe hayachori kiganja. Weupe wake ulikuwa umetokea upande wa ndani.

Pasi aliogopa kwamba mteja atagomba. Mteja alifurahi mno. Aliandika kwamba hiyo ndiyo alama ambayo watu walikuwa wanaitafuta bila kujua, na akaagiza nyingine, zote na kiganja. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Sijui nani alizisugua.

Sasa ziko kila mahali. Nimeziona kwenye madirisha ya maduka, nimeziona kwenye simu, miji nisiyoijua, vijana wa rangi zote. Wakipiga picha huweka kiganja chao juu ya kile cha suruali, wanacheka. Wanasema ni alama ya uhuru. Mmoja aliandika kwamba yake huwa na joto mahali pale hata akiianika kwenye baridi, na wenzake wakamjibu kwa vicheko kwamba hata zao.

Binti wa dada yangu namlea mimi. Nyumbani kwangu jinzi haiingii, anajua, na anajua sababu. Lakini ni msichana mkubwa, na rafiki zake wote wanavaa. Jana jioni alirudi kutoka kwa mmoja wao na zawadi, ameivaa tayari, akijificha nyuma ya mlango.

"Mama mdogo, usinigombeze. Ni suruali tu."

Sikumgombeza. Nilimvua kwa mikono yangu, nikakata vifungo kwa kisu, nikaichoma uani mpaka ikawa majivu. Alilia, akaniita mchawi, akaenda kulala bila kula. Nilipompelekea maji nikaona mguu wake nje ya shuka. Alama ilikuwa imehamia kwenye ngozi, juu kidogo ya goti. Kiganja cha buluu, vidole vinaelekea juu. Nilisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Haikutoka.

Asubuhi hii amesimama mbele ya kioo akichana nywele, bado amenuna. Nimeinua gauni lake kwa nyuma nitazame. Gotini hakuna kitu. Kiganja kiko kiunoni, na chini yake, pajani, kimetokea cha pili, kama mtu anayepanda.